Soda za Wageni na Vimeng'enya vya Sumaku

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Ndugu Makamu wake. Ndugu Kaimu wa Makamu, ambaye pia ni shemeji yangu lakini hilo halikuhusiana na uteuzi wake. Waheshimiwa wakuu wa idara mlioketi kwenye viti vyenye mito. Waheshimiwa kiasi mlioketi kwenye viti visivyo na mito. Wataalamu, wadau na mastekiholda wa ngazi zote. Mabibi na mabwana. Na ninyi wananchi wa kawaida mliosimama juani: itifaki imezingatiwa, na ambaye hakutajwa ajue amezingatiwa kimoyomoyo. (Makofi kutoka kwenye mito. Meza kuu yaletewa soda baridi. Mimi mwandishi wa kumbukumbu sikuletewa.)

Leo, ndugu zangu, tunazindua Mradi Mkakati wa Ubandikaji wa Vimeng'enya kwenye Chembe Nano za Sumaku, mradi ambao Idara yangu, chini ya uongozi wangu na kwa maono yangu binafsi, iliubuni mara tu baada ya huyu dada fundi wa maabara kunieleza. (Vicheko nyuma.) Kwa lugha nyepesi ni hivi. Kiwanda cha kutia vitambaa rangi humwaga maji yake mtaroni, mtaro huingia kisima cha mtaa wa chini, na kisima kimekuwa cha buluu. Vimeng'enya, yaani enzaimu, hula ile rangi. Ila ukivimimina majini peke yake, hutavipata tena. Kwa hiyo vinabandikwa kwenye vipunje vya chuma vidogo mno, unakoroga, vinakula, kisha unaleta sumaku na vipunje vinaifuata vikiwa na vimeng'enya vyao, tayari kwa ndoo nyingine. Vinataka baridi tu. Vikipata joto vinakufa. (Kipande hiki alikiandika fundi. Ndiyo maana kimeeleweka.)

Sasa niwape tafsiri yake ya kisera. Katika kuoanisha fremuweki ya utekelezaji na utekelezaji wa fremuweki, na kwa kuzingatia impakti tarajiwa katika pailoti, Idara imeendesha warsha elekezi kumi na moja, ambapo asilimia tisini na saba nukta nne ya washiriki walikiri kwamba walishiriki, na waliobaki walikuwa wametoka kidogo kupokea simu. (Makofi. Shemeji apiga peke yake kwa muda mrefu.)

Naona baadhi yenu mnageuza shingo mkilitafuta jengo la Kituo cha mradi huu. Ndugu zangu, tusiwe washamba. Hii ni nano. Chembe hizi ukizipanga elfu moja hazifiki unene wa unywele, na mradi wa vitu visivyoonekana hauwezi kukurupuka tu ukaonekana. Kibao kipo pale, kisomeni.

Lakini kuona ni kuamini. Mama wa mtaa wa chini, sogea na ndoo yako wageni waione. (Mama asogea. Maji ni ya buluu kweli. Amembeba mjukuu mgongoni. Mtoto ana vidonda shingoni na mikononi, na bibi yake asema havijakauka tangu maji yageuke.) Asante mama, usiisogeze sana kwenye zulia. Fundi, tuletee vichupa vyako na sumaku, tusafishe ndoo hii mbele ya umma. (Fundi aenda mbio maabara, yaani chumba kimoja nyuma ya stoo, chenye friji moja.) Wakati tunamsubiri niseme kwamba mimi sipendi kujisifu, na katika kutopenda kujisifu sijaona wa kunifikia.

(Fundi arudi mikono mitupu. Asema: "Mheshimiwa, friji imejaa soda. Chupa zangu arobaini ziko wapi?")

Swali zuri, limepokelewa, litapitia dawati la maswali.

("Siulizi dawati, nakuuliza wewe. Miaka minne nimevilea vile. Hakuna vingine.")

Basi niingie kwenye shukrani, maana humo majibu yamo. Kwanza namshukuru mfadhili, ambaye akipatikana tutamshukuru kwa jina. Namshukuru fundi rangi aliyetuandikia kibao, ambacho kwa sasa ndicho Kituo chenyewe. Namshukuru mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliyetuazima darubini hii ya mapambo, ataipata saa tisa. Na kwa namna ya pekee namshukuru Afisa Itifaki, mtu mwepesi wa maamuzi, ambaye asubuhi alikuta jokofu limejazwa vichupa vya tope jeusi, wageni wako njiani na jua ndilo hili, naye bila kusubiri kuambiwa akavimwaga vyote mtaroni, akavisuuza kwa mikono yake, na ndivyo hivi mnavyoviona mezani vimetiwa maua. (Wakuu wa idara wayatazama maua. Mmoja aweka soda yake chini. Fundi aketi kwenye ngazi na kulia bila kujifunika uso. Kalamu yangu yasimama kidogo.)

Kwa hiyo tuwekane sawa: vimeng'enya vilivyokuwepo ni vile, na havipo, jengo halikuwahi kuwepo, lakini uzinduzi upo, na hauwezi kufutwa, kwa sababu mmeshakunywa.

(Mama wa ndoo: "Sasa mwanangu, haya maji nirudi nayo?" Fundi atikisa kichwa.)

Rudi nayo, mama. Maji ni uhai. (Hakuna aliyepiga makofi, hata kwenye mito.)

Tumalize kwa kaulimbiu. Nikisema vimeng'enya, ninyi mseme vimebandikwa. Vimeng'enya. Vimeng'enya. (Shemeji: "Vimebandikwa.") Ahsanteni sana. Na fundi wetu asihuzunike kupita kiasi, maana sumaku yake hatukuitupa: ipo kwenye mlango wa jokofu, imebandika ratiba ya leo, na tangu asubuhi haijaanguka.