Greti-Grandi-Anko wa Ruanda

Jumatatu, 4 Agosti

Jacqueline, mjukuu wa marehemu kaka yangu Vitalis, analeta mchumba hapa kijijini kwetu Ruanda Jumamosi. Mwingereza! Shemeji Hildegardi, bibi yake, ametangaza kwamba wa kutambulisha ukoo kwa Kiingereza ni mimi Ladislaus, kwa kuwa niliwahi kufua mashuka kwenye hoteli ya wageni kule Mbamba Bay. Othmar kanuna. Huyu ni mtoto wa dada yangu, mimi ni mjomba wake, ila tumelingana umri na kila ninachokitaka naye anakitaka. Kwa sasa sote tunamtaka Beata, anayepandisha samaki wa mbasa kutoka ziwani kila siku ya soko. Kaalikwa. Amewahi kusema anapenda mwanamume mwenye heshima zake. Basi Jumamosi ataiona heshima!

Jumatano, 6 Agosti

Nimeazima kamusi kwa katekista. Hawa Waingereza! Baba mdogo, mjomba, mume wa shangazi, wote anko. Sasa wakitaka kuoa wanajuaje nani atoe mbuzi?

Lakini kuna utamu humu. Kwetu Jacqueline anamwita Othmar baba mdogo. Kwa Kiingereza ni kazini, yaani binamu tu, mtu wa kukaa na watoto. Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Mimi, mdogo wa babu yake, kitinda mimba, ni grandi-anko. Si haba. Ila ukitanguliza greti unapanda kizazi kizima, unakuwa ndugu wa baba yake babu. Nani atahesabu? Mgeni? Nimeitanguliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimepaka piko kwa ajili ya Beata. Nywele nyeusi tii.

Jumamosi, 9 Agosti

Aibu!

Nilisimama na suti. Nikamwanza Othmar: kazini! Akakaa chini. Kisha nikajipiga kifua: greti-grandi-anko! Mgeni akatoa macho. Akamnong'oneza Jacqueline, Jacqueline naye, hana haya yule, akatafsiri kwa sauti ua mzima ukasikia: eti mimi ni ndugu wa baba mzazi wa babu yake.

Mgeni akaniinukia. Akanishika kiwiko, akaniuliza ninakula nini hata nimefika umri huu na nywele nyeusi. Akanikalisha taratibu kando ya Bibi Mektilda, asiyesikia wala kuona, akanifunika blanketi. Jua la saa saba! Alipouliza kama meno yangu yanaiweza nyama, shemeji Hildegardi akajibu kwa niaba yangu kwamba nipewe uji.

Wajukuu nao wakapata la kufanya. Mmoja kachukua kofia yangu. Mwingine kachukua paja la mbuzi nililokuwa nimewekewa, akidai mimi mume wake simtunzi. Na babu anayetaniwa na wajukuu hafoki. Nikacheka. Mashavu yaliniuma.

Kazini Othmar alikaa na vijana, kwenye muziki. Beata alikuwa huko huko. Alipita kwangu mara moja tu, akapiga goti, akasema shikamoo babu.

Nimeumia. Naandika waziwazi kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimeumia sana.

Jumanne, 12 Agosti

Othmar kaja asubuhi. Kaniamkia! Hajawahi tangu tuzaliwe. Anasema yeye na Beata wameelewana, anahitaji mshenga, na mbuzi wa posa anatoka kwa mjomba kama ilivyo desturi. Nikamwambia thubutu. Nikakimbilia kwa shemeji Hildegardi kushtaki. Akanisikiliza mpaka mwisho huku akichambua kahawa, kisha akasema hakuna mwingine wa kwenda, maana mkubwa wa ukoo ni mimi, nimejitangaza mwenyewe, tena kwa Kiingereza. Mbuzi wangu ni mmoja tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mbamba Bay na kurudi. Mbuzi kanitapikia kiatu kwenye kona za kuteremkia ziwani. Nimemposea Othmar mwanamke ninayempenda mimi, na kwa hasira nimeongea vizuri mno. Baba yake Beata alifuta machozi. Alisema hajawahi kuletewa mshenga mwenye maneno ya moyoni kiasi hicho. Posa imepokelewa. Beata kaniuliza kama babu atapenda uji au nyama. Nikasema nyama. Ukaja uji.

Jumapili, 17 Agosti

Jacqueline kapiga simu. Wazazi wa mchumba wake wanakuja Desemba, na wameomba watambulishwe na yule mzee wa ajabu. Mimi!

Nimekaa na kamusi tangu kutoka misani na kosa langu nimeliona. Kwa greti moja mtu anaonekana mzee wa kuhurumiwa, wa kufunikwa blanketi. Anatakiwa mzee wa kuogopwa. Halafu Beata ana mdogo wake, Gaudiosa, hajaolewa, na jana ndiye aliyenipozea ule uji kwa heshima kubwa. Nitahakikisha anaalikwa. Piko nimeshanunua, na safari hii naweka greti mbili.