Mshono wa Mdogo Wangu Hauonekani

Kimamba, Kilosa.

Kwa Daktari Salome, bingwa wa upasuaji,

Baada ya salamu, ambazo nakupa kwa sababu nililelewa vizuri, nalalamikia kazi uliyomfanyia mdogo wangu Mwanvua. Alikuja kwako na saratani ya utumbo. Umemrudisha na vitundu tumboni, kila kimoja kama tundu la kifungo cha shati. Dharau ya namna hii sijapata kuiona.

1. Tulikwenda kumpokea stendi na kitanda cha kamba, na wanaume wa kukibeba. Mwanvua akashuka kwenye basi kwa miguu yake, begi begani, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, kisha akauliza kitanda ni cha nani. Tukakirudisha kitupu kupitia sokoni, watu wakitupa pole ya msiba.

2. Huku kwetu anayekuja kumjulia hali mgonjwa haji mikono mitupu, na akishakaa huonyeshwa mshono. Ni haki yake. Mimi nilipasuliwa ngiri zamani, na hadi leo nikiufunua mshono wangu kikaoni watu hunyamaza wakanisikiliza. Mwanvua alipofunua, shangazi Fausta alivaa miwani, akatafuta weee, akasema huyu alikwenda kutembea. Akaondoka na kuku wake.

3. Ati uliingiza kamera tumboni, ukawa unakata huku unatazama runinga. Mtoto wa watu amelala hajitambui, wewe unatazama runinga. Na wewe unasema uvimbe wote ulitoka. Ulipitia wapi, kama si mazingaombwe?

4. Ukoo ulishakaa. Shamba lake la mpunga kule Kisanga nilishakabidhiwa mimi, nikalilima, nikapanda. Sasa Mwanvua anasimama ukingoni na mwavuli, ananielekeza namna ya kupalilia. Nani atanilipia aibu hiyo?

5. Ulituambia kwa simu kuwa si kila saratani hutolewa kwa njia hii, ila yake ilifaa kwa kuwa aliwahi. Aliwahi, kama vile saratani ni basi la asubuhi.

Kwa hiyo naomba umwite tena umpasue kwa heshima, mshono uonekane tangu mlangoni. Ukishindwa, utupe cheti chenye muhuri tukibandike ukutani wageni wasome.

Wasalimie wauguzi wote, hata yule aliyenicheka kwenye simu nilipouliza mshono uko wapi. Msalimie na mtu wa kamera.

Mimi niliyefedheheshwa,
Nassir Kondo

Nyongeza: Barua hii atakuletea Mwanvua siku ya kliniki, na hajui yaliyomo. Mimi ndiye nitakayemsindikiza. Nitakuwa kwenye benchi la nje, nimevaa kofia ya kijivu. Tangu mfungo uliopita nami naona damu nikienda chooni, na sijamwambia mtu. Naogopa, Daktari. Mwanvua akitoka, niite. Kama nami nimewahi, nitoboe hivyo hivyo, na vitundu viwe vidogo kuliko vyake. Kitanda cha kamba nitawaambia wakiache nyumbani.