Koti Jekundu la Msimamizi wa Moto

Jumatatu, 4 Machi
Meneja katangaza kuwa kiwanda chetu cha kushona sare kinataka msimamizi wa usalama wa moto. Atapewa koti jekundu na filimbi. Nani tena kama si mimi, mtunza ghala? Shemeji, mpishi wa kantini, naye kajiandikisha. Tangu nimuoe dada yake, kila ninachokitaka na yeye anakitaka.

Jumanne, 5 Machi
Mafunzo uani. Mzimamoto alituonyesha mtungi: vuta pini, elekeza mpira kwenye shina la moto, bana mpini. Kisha akasema jambo kuhusu mlango wa dharura. Sikulisikia, nilikuwa najaribu koti. Linanibana kwapani lakini linanipendeza. Shemeji aliuliza maswali chungu nzima. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 6 Machi
Mpango umeiva. Meneja hupita ghalani kila siku baada ya chakula cha mchana. Kesho nawasha moto kidogo kwenye ndoo ya vipande vya vitambaa, nauzima mbele ya macho yake. Shemeji abaki na sufuria zake.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Moto haukukaa ndooni, ulidaka maboksi. Ukatutenga na mlango mkubwa, na mlango wa dharura nilikuwa nimeuziba kwa maboksi mengine. Ndani tulikuwa mimi, meneja na mshonaji mjamzito aliyefuata nyuzi. Nikavuta pini ya mtungi wa ghalani, nikabana. Unga wote ukamwishia meneja usoni.

Shemeji aliona moshi. Akauvuta mlango wa dharura kutoka nje, akayatupa maboksi uani, akatupigia kelele: "Inameni, moshi uko juu!" Akatutoa wote, akaingia na mtungi wa kantini, akauzima.

Mshonaji alimshukuru huku analia. Mimi hakuna aliyeniuliza hali.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kavishwa koti. Halimbani popote. Meneja, nyusi bado nyeupe, aliniuliza moto ulianzaje. Nikamwambia ninachunguza. Kanihamishia kwenye kufagia. Mke wangu hasemi nami. Anamsifu kaka yake kwenye simu, kwa sauti, ili nisikie.

Jumatatu, 11 Machi
Tangazo jipya: anatafutwa msimamizi wa huduma ya kwanza. Nimejiandikisha wa kwanza. Bendeji ninazo. Anayekosekana ni majeruhi. Bahati nzuri ngazi za ofisini nazisafisha mimi, na sabuni ya maji ipo ya kutosha.