Panya Aliyefukizwa Udi

Jamani, leo nimeadhirika. Na si mbele ya watu baki, ni mbele ya mama mkwe!

Kwa msiojua, mimi nafanya kazi ya maabara, Kilifi. Tunachukua bati, tunaliunganisha na kaboni, kisha tunalipachika kwenye polima, ile minyororo mirefu ya molekuli kama ya plastiki. Halafu tunaiweka juu ya seli za saratani tuone kama zitakufa. Huenda siku moja ikawa dawa. (Nimesema huenda. Msinitumie wagonjwa.) Ila bati hilo lina harufu, enyi watu! Tone likidondoka, jengo zima lajua. Mimi wala siisikii tena. Pua imezoea, na jambo hilo nilikuwa nikijisifia.

Leo Bi Zuhura, mamake mchumba wangu Faraj, alikuwa anakuja kutoka Mambrui na dadake kuniangalia. Faraj alishanionya kwamba mamake haipendi kazi yangu. Eti msichana anayeshinda na sumu, mchuzi wake nani ataula? Na leo ndiyo angekata shauri. Nikamwambia Faraj, "Tulia. Mamako nitamweka mfukoni kabla chai haijapoa."

Nikafika nyumbani Malindi nimechelewa, wageni washaketi sebuleni. Nikaoga, nikavaa dera jipya. Mtandio? Ule ule wa kazini, ambao hushinda umening'inia kando ya meza yangu ya maabara. Ndio uliooana na dera. (Mkemia mzima!) Mama yangu akatia udi kwenye chetezo, nikaufukiza mtandio sawasawa, makaa yakaupasha moto hadi ndani ya nyuzi. Mimi nasikia udi tu. Nikaingia sebuleni kifua mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikainama kuubusu mkono wake. Bi Zuhura akaziba pua kwa ncha ya buibui.

"Humu mna panya kafa," akasema dadake.

Mama yangu akataka ardhi ipasuke. Nyumba yake, anayoipiga deki asubuhi na jioni! Nami nikaona hapo hapo ndipo pa kung'ara.

"Msijali," nikasema. "Mambo ya harufu niachieni mimi."

Nikasogeza kochi. Hamna kitu. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kabati.

"Hapo hapo!" dadake akapiga kelele. "Hapo imezidi!"

Nikafunua zulia. Nikaenda dirishani, nikatikisa pazia.

"Sasa imehamia dirishani! Lo, panya huyu maiti na anatembea!"

Mama akazidisha udi. Mimi nikazidisha bidii. Jasho lanitoka, nimeshika ufagio, nawaeleza jinsi mzoga unavyooza. (Hakuna aliyeniuliza.)

Bi Zuhura alikuwa akinifuata kwa macho.

"Hebu njoo, mwanangu."

Nikaja.

"Rudi kule dirishani."

Nikarudi.

"Njoo tena."

Akauvuta mtandio wangu, akaunusa, akapiga chafya mpaka miwani ikamwanguka.

"Nini hii?"

"Ni... ni dawa ya saratani, mama. Bado twaijaribu."

"Mwajaribu nini tena? Saratani ikiinusa tu, itahama!"

Dadake akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mama yangu naye (mama yangu mzazi!) akacheka. Mimi nimesimama na ufagio wangu, nataka kulia.

Bi Zuhura akajifuta machozi. Alipoinua uso, hacheki tena. "Mamangu alikwenda na maradhi hayo," akasema. "Kazi yako ifanye, mwanangu, tena usiiache. Lakini kwangu utaingilia mlango wa uani, na mtandio utauacha nje."

Kwa hivyo posa imepita, alhamdulillahi. Naomba tu msicheke, na siku ya harusi mtu asiniletee paka.