Simu Isiyoweza Kubeba Mate

Mimi Kamanthe, mama Mulwa,
Kwa mkono wa Warigia mwenye duka,
Soko la Ekalakala, njia ya Masinga.
Tarehe 9 Machi 2004

Kwa Mhariri wa gazeti lililofungia mandazi yangu,
Nairobi.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUPINGA HESABU YAKO YA KARNE NA KUOMBA SIMU IONDOLEWE

Kwanza nakujulia hali wewe na wa nyumbani kwako. Sisi tuko wazima, mvua bado, na ng'ombe wangu mmoja anakohoa. Sikuingia darasani hata siku moja, kwa hivyo maneno haya ni yangu na mkono ni wa Warigia, mwanamke kutoka Murang'a ambaye ameuza sukari hapa sokoni miaka kumi na mmoja na sasa anatukana kwa Kikamba kuliko wengi wetu tuliozaliwa nacho. Akiongeza neno lake utalijua tu, litakuwa na adabu.

Jumamosi nilinunua mandazi manne. Karatasi iliyoyafunga ilikuwa gazeti lako la Januari mwaka wa elfu mbili. Najua imepita miaka minne. Gazeti ndilo lililochelewa kufika huku, si mimi niliyechelewa kujibu. Warigia alinisomea, mafuta yakiwa yamekula mistari miwili, na nikasikia mmepanga mambo makubwa ya sayansi na ufundi ya karne ya ishirini, mkayapa namba, na mkasema wasomaji wote wanakubali. Karne hiyo mimi nimeishi ndani yake zaidi ya miaka sitini, nimeilimia na kuizalia, na hakuna mtu aliyekuja kuniuliza kama nakubali. Sasa najibu, kwa heshima, nikianza na yale mepesi.

1. Mwezi. Mmesema watu walikwenda mwezini, wakashuka, wakarudi salama, safari yote siku nane. Sina ugomvi na kwenda. Wanaume wakitaka kwenda mahali watakwenda. Lakini walirudi na mawe. Mtu akienda mbali hivyo halafu arudi nyumbani na mawe, mimi singesimama kumtua mzigo. Mawe tunayatoa mashambani hapa kila mwaka kabla ya kupanda, wangesema tungewapa. Halafu nikafanya hesabu yangu. Mwezini kwenda na kurudi ni siku nane. Kutoka Syokimau, karibu na Nairobi, anakokaa mwanangu Mulwa, mpaka Ekalakala ni asubuhi moja, na ana miezi kumi na minne hajafika. Kwa hivyo hiyo safari isiitwe maendeleo mpaka tujue kama hao watu walipopata nafasi ya kusafiri walipitia kwanza kwa mama zao.

2. Stima. Mmeandika kwamba stima imebadilisha maisha ya kila mtu. Mimi ni mtu, uliza yeyote hapa. Waya za stima zinapita juu ya shamba langu zikitoka upande wa bwawa la Masinga na kuelekea Nairobi, na mimi nawasha koroboi chini yake. Nikiwa napalilia nazisikia zikinguruma. Ni kama kukaa kando ya njia ukiwaona watu wakienda arusi, na kila mmoja anakupungia mkono. Sisemi zishushwe. Nasema mngeandika "maisha ya kila mtu isipokuwa Kamanthe", na nafasi ilikuwepo, kuna picha kubwa ya bure ya mtu mwenye miwani.

3. Kondoo. Mnajisifu kwamba wazungu wamechukua kondoo mmoja wakatengeneza mwingine aliye sawa naye kabisa, na kwamba ni mara ya kwanza duniani. Hapa ndipo nilimwambia Warigia alete kalamu. Nyanya yangu aliitwa Kamanthe, mama yake baba. Mimi nikazaliwa, nikaitwa Kamanthe, na tangu siku hiyo baba yangu hakunipiga hata nikosee vipi, kwa sababu mtu hampigi mama yake. Akiniita aliniita mama. Alininunulia ugoro nikiwa na miaka tisa, maana mama yake aliupenda. Sasa huyo kondoo wa kwanza ni wa kwanza wapi? Sisi watu tunawarudisha siku zote, na hatutumii sindano.

Hayo ni mepesi. Sasa nafika kwa kilichoniuma.

4. Simu ya mkono. Siku kumi na tisa zilizopita nilikuwa napura mbaazi, Warigia akaniita kwa kelele kwamba Mulwa yuko kwenye simu. Simu ni ya Warigia, sisi wote tunaitumia, na inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya duka lake. Nikapanda kichuguu na miaka yangu yote. Mulwa akaniambia, "Mwaitu, umezaliwa." Mwaitu ni mama kwa lugha yetu. Maana yake ni kwamba mke wake Ann amejifungua binti, na binti amepewa jina langu. Ni mtoto wake wa kwanza. Nimengoja siku hiyo tangu Mulwa aanze kuota ndevu. Nilikaa chini juu ya kichuguu na siafu hawakunisumbua, au walinisumbua na sikujali.

Ndugu Mhariri, nikueleze, maana sijui kwenu mnafanyaje. Kwetu, mwenye jina ndiye anayempokea mtoto. Anamshika, anamtemea mate kidogo kifuani na kwenye viganja, na anamwambia akae siku nyingi. Kabla ya hapo mtoto yuko duniani kama mgeni aliyesimama mlangoni ambaye hajaambiwa karibu. Nikamwambia Mulwa amlete. Akasema barabara ni mbaya. Nikamwambia basi mimi ndiye nitakuja. Akasema ningoje kidogo. Nikamuuliza ningoje nini, mimi ni mzee, wazee hawangoji. Akasema, "Mama, mbariki hapa hapa kwa simu."

Mimi mtoto wangu akiniomba kitu nampa. Nilitema.

Nilitema vizuri, mara mbili, kwenye vile vitundu vidogo ambamo sauti inaingia, maana niliona panapopita sauti mate pia yatapita. Simu ikalia kama kifaranga kilichokanyagwa, ikanyamaza. Warigia alisema maneno, na sasa hivi amekataa kuyaandika. Aliiweka ndani ya mchele siku mbili, na siku ya tatu ikafufuka, nami nikamwambia kama hiyo ni simu ya Kikristo aache kulalamika.

Lakini mate hayakufika. Nilimuuliza Mulwa alipopiga tena, akasema hapana, sauti tu. Hapo ndipo nilipoelewa udanganyifu wenu. Zamani, kabla ya simu, Mulwa alikuwa akitaka kuniambia jambo, anakuja. Anaketi, anakula, naona kama amekonda, naona shati lake halina kifungo. Sasa ananitumia sauti na kubaki na mwili wake Syokimau. Mmeleta chombo kinachobeba mtu nusu, tena ile nusu nyepesi, na mkakipa namba ya tatu kwenye orodha yenu.

5. Picha. Mmeandika kwamba leo picha inaweza kutumwa kupitia kompyuta kutoka upande huu wa dunia hadi ule kabla chai haijapoa. Nikamwambia Mulwa anitumie picha ya mtoto. Huko Matuu kuna nyumba yenye kompyuta, Warigia anaijua. Akasema kesho. Siku ya pili akasema mashine imeharibika. Siku ya tatu akasema mtoto amelala. Nikamuuliza tangu lini mtoto aliyelala hapigwi picha. Kwa hivyo ama kompyuta haifanyi kazi mliyosema, ama mwanangu ananificha mtoto, na mimi nimeamua kulaumu kompyuta kwa sababu sikuizaa.

6. Vijidudu. Mmesifu dawa iliyogunduliwa ya kuua vijidudu visivyoonekana. Dawa naikubali, nilidungwa sindano jeraha la mguu lilipoanza kuoza na mguu bado ninao. Nalalamikia mtu aliyekwenda kuviangalia hivyo vijidudu. Kabla hajaviona havikuwa na neno na mate yangu. Nimetemea watoto kumi na mmoja kifuani, wa kwangu na wa majirani, na wote wana meno yao. Lakini juzi Mulwa ameniambia daktari hataki wageni kwa mtoto. Mgeni ni nani? Mimi ndiye huyo mtoto. Warigia anadhani Ann anaogopa ugoro wangu. Kama ni ugoro naweza kusukutua mdomo, mwambie Ann hivyo kwenye gazeti, naona mnafika Syokimau mapema kuliko mnavyofika huku.

7. Mtungi wa plastiki haumo. Nilimwambia Warigia asome orodha mara mbili, pengine uko chini ya mafuta ya mandazi. Haumo. Nilibeba maji kwa mtungi wa udongo mpaka siku ulipoteleza mgongoni nikarudi nyumbani na kamba. Halafu ukaja ule wa plastiki wa manjano, unaanguka na kuamka, unabeba lita ishirini, na ukizeeka unaukata unakuwa beseni. Mtu aliyepanga orodha hiyo hajawahi kuteka maji, na mke wake ajibu kama nasema uongo.

Kwa hayo yote naomba mambo haya. Simu iondolewe kwenye orodha na mlingoti wake ung'olewe pale kilimani, ili watoto wetu wakose njia ya kutusalimia isipokuwa kuja. Vijidudu visionekane tena. Mtungi uwekwe namba moja. Na kama haya hayawezekani, basi karne hiyo irudishwe mwanzo na ihesabiwe upya, safari hii mkiwa na mama mmoja ndani ya chumba.

Sina ubaya na wewe. Ukipita huku uje ule, usile njiani. Nisalimie mke wako na watoto, msalimie aliyepanga zile namba, umwambie simchukii ila akae vizuri, na umsalimie mama yako kama yuko, lakini uende mwenyewe.

Wako mwenye kukutakia siku nyingi,

Kamanthe, mama Mulwa
(kidole gumba cha kushoto, kwa wino wa muhuri wa duka)

Tanbihi, tarehe 21 Machi.

Barua hii haikuondoka. Warigia alikuwa anangoja stempu, na kabla hazijafika Mulwa alipiga simu akalia. Mtoto hakuwa Syokimau. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, kilo moja na robo, na tangu siku hiyo amelala hospitali ndani ya sanduku la kioo lenye joto la stima, na mrija puani. Mulwa alinificha kwa sababu anajua kwamba nilizaa mmoja kama huyo mwaka wa sitini na tatu, kabla yake. Nilimfunga kwa pamba nikamweka hapa kifuani siku tano, na siku ya sita nikamtoa akiwa baridi. Hatukuwa tumempa jina.

Warigia alifunga duka, siku ya soko, tukaenda Nairobi. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Kuna tundu ubavuni mwa sanduku ambalo mkono unapita. Mtoto ni mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, na ana paji langu. Mate yalikuwa tayari mdomoni. Nesi aliniangalia, msichana ambaye ningeweza kumzaa mama yake, akatikisa kichwa polepole. Akaniita Susu, yaani nyanya kwa lugha yetu, akasema, "Susu, ngoja afike kilo mbili." Niliyameza. Nilimwambia karibu kwa mdomo mkavu, na nesi akasema hiyo inaruhusiwa.

Kwa hivyo futa namba nne. Futa ya sita na ya pili pia. Ya mwezi iache. Hilo sanduku la kioo sikulisikia kwenye orodha yako, liandike juu ya mtungi.

Nimerudi nyumbani kwa ajili ya ng'ombe. Kila asubuhi nasimama juu ya kichuguu nangoja Mulwa anisomee kilo, na siku mtandao unaposumbua mimi si mtu wa kusogelewa. Leo amesema tangu juzi mtoto ameongeza gramu hamsini. Sikujua gramu hamsini ni kitu gani. Warigia akachukua kile kijiwe kidogo kabisa cha mizani yake, akanipimia hamsini za sukari, akanimiminia mkononi. Haikujaza kiganja. Tumeiangalia pamoja muda mrefu, na wateja wakangoja.

Ni nyingi, Ndugu Mhariri. Ni nyingi sana.