Etha Kwenye Friji ya Utambi

Leo friji imeniumbua. Ninyi tuliosoma wote Morogoro, mkishasoma barua hii ichomeni. (Ichomeeni nje, mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Mimi ni mtaalamu wa mambo hayo, kama mtakavyoona.)

Mnajua nina mwaka mzima wa majaribio hapa, fundi wa maabara katika sekondari ya nje kidogo ya Ifakara. Leo mkaguzi alikuwa anakuja. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi Michenga kulima mpunga na baba, ambaye jembe langu ameshalitia mpini. Hajawahi kuamini kwamba kunusa chupa ni kazi.

Basi wiki nzima nimepanga kabati la chuma. Vimiminika nikavitenga kwa wepesi wake wa kushika moto: etha na petroli daraja la kwanza, spiriti la pili, mafuta ya taa la tatu. Yabisi nazo rafu yake: unga wa magnesi, mkaa, salfa. Lebo nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, wino mwekundu. Ile salfa nikaipa jina lake la Kiswahili fasaha: KIBERITI. (Nilijisikia mzalendo kweli kweli.)

Halafu nikamwita Mama Sesilia, anayefanya usafi maabara, mama wa Kipogoro wa umri wa mama yangu. Nikampa mhadhara.

"Mama, kuanzia sasa kila kitu kinakaa penye jina lake. Usifikiri. Soma, weka."

"Nisifikiri," akasema.

"Kufikiri niachie mimi."

"Haya, mtaalamu."

Ile "haya" ningeisikiliza vizuri, leo nisingekuwa nawaandikia.

Leo saa moja asubuhi nimefika kazini. Joto la huku mnalisikia tu. Etha inachemka kwenye nyuzi thelathini na tano, na lile kabati linapigwa na jua la dirishani. Nikawaza kisomi: kitu kinachotaka baridi kinakaa wapi? Nikaichukua chupa, nikaiweka kwenye friji, katikati ya vyura wa somo la baiolojia. Nikajipongeza, nikarudi nyumbani kupiga shati pasi.

Saa nne mkaguzi akaingia, mkuu wa shule nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabati liko wapi?"

Akalifungua. Akawa anasoma lebo zangu kwa sauti, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kuliona jembe la baba likiota kutu. Akafika kwenye KIBERITI, akarekebisha miwani. Pembeni ya chupa ya salfa kulikuwa na viberiti vinne, vile vya njiti, vimepangwa vizuri kabisa, juu ya spiriti.

"Hivi vimefikaje humu?"

"Nimeviweka mimi, mzee," akajibu Mama Sesilia. "Vilikuwa vinazagaa mezani. Na hapo si pameandikwa?"

"Hukuona kwamba ni pamoja na spiriti?"

"Niliona. Lakini niliambiwa nisifikiri."

Mkuu wa shule akakohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko. Mkaguzi akavitia viberiti mfukoni, akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikafungua mdomo.

"Mzee, ile ya hatari kuliko zote nimeihifadhi mahali maalumu. Etha. Iko kwenye friji." (Na mkono nikanyoosha, kama muuza duka.)

Mkaguzi hakuifungua friji. Aliinama. Nami nikainama nione anatazama nini. Chini pale utambi ulikuwa unawaka, moto wa bluu, umetulia zake.

Umeme haujafika shuleni kwetu. Friji yetu ni ya mafuta ya taa. Inapoza kwa moto, jamani, na mimi najua, maana mwaka mzima mafuta yake nayaagiza mimi. Asubuhi yalikuwa yamekwisha na utambi umezimika. Sikuuona moto, basi na akili yangu ikausahau.

"Tokeni nje," mkaguzi akasema taratibu.

Mkuu wa shule alikuwa ameshatoka. Mlangoni sikumwona akipita, ila dirisha lilikuwa wazi. Mimi nilibaki nimeinama pale pale, nautazama utambi.

"Haimo," akasema Mama Sesilia, wala hakusogea. "Nilipokuja kutia mafuta nilifungua friji, nikasikia ile harufu iko huku chini, miguuni. Nikaitoa chupa, nikaacha milango wazi mpaka harufu ikaisha yote. Ndipo nikawasha. Chupa iko stoo ya nyuma, kivulini, nimeizika kwenye ndoo ya mchanga mpaka shingoni."

"Nani alikufundisha kwamba mvuke ule unatambaa chini kuufuata moto?"

"Jikoni, mzee."

"Jikoni unapika nini?"

"Vitu vya kawaida tu."

(Gongo, ile pombe haramu inayopikwa kwa mvuke. Gongo ya Mama Sesilia inajulikana mpaka Mchombe. Mkuu wa shule, huko nje, ghafla akaanza kukagua mwarobaini.)

Nikaona nijitetee kidogo. "Mama, si nilikuambia usifikiri?"

"Kwenye friji hapakuwa na lebo, mtaalamu. Nikajua hapo naruhusiwa."

Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika barua yangu. Nimethibitishwa, kwa sharti moja: ufunguo wa kabati atakaa nao Mama Sesilia, na kila ninachotoa nimwombe yeye.

Saa nane nilihitaji spiriti ya taa ya maabara. Nikaenda kupiga hodi kwenye stoo ya mafagio.

"Ya kufanyia nini?" akauliza, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga. Nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka.

"Haya, lete chupa nikumiminie. Wewe usifikiri."

Mkipita Michenga, mwambieni baba nimethibitishwa. Ishieni hapo hapo.