Malalamiko Kuhusu Ndoo Yako ya Chaja

Gimli, Jumamosi asubuhi

Kwa Baba Mkwe Hjalmar, Afi, yaani babu, wa wanangu na Mlinzi wa Ndoo,

Heshima zako, Baba. Nakuandikia kwa kalamu ya nta ya mwanangu Bragi, maana kompyuta imebakiwa na chaji kidogo nikaizima. Mjukuu wako huyo ameitumbukiza chaja ya kompyuta kwenye uji wa shayiri, kisha akaikoroga. Na saa saba mchana huu nafanya mtihani wa cheti cha kutunza wazee, kwenye kompyuta hiyo hiyo. Mtihani ukinipita, nasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo nalalamika, kwa adabu.

1. Ulipokuja asubuhi na ile ndoo ya aiskrimu unamohifadhi chaja za tangu ujana wako, nilichagua moja. Ikaingia kwenye tundu la kompyuta kama mguu kwenye soksi. Kabla sijaichomeka ukutani, ukanishika mkono mbele ya watoto: "Weka chini, binti! Kuingia si kufaa! Umesoma kibandiko?" Kisha ukaenda kutafuta miwani, na ndoo ukaibeba. Chaja niliyochagua imebaki mezani, inanitazama.

2. Kibandiko! Katika ukoo huu! Kwenye friza yetu ndoo imeandikwa vanila, ndani supu ya samaki. Imeandikwa stroberi, ndani misumari ya mume wangu Tanner. Kopo la biskuti la Amma, bibi wa wanangu, limejaa sindano. Tangu niolewe hapa natamani aiskrimu, naambulia vichwa vya samaki. Leo niamini maandishi madogo kama mavi ya nzi?

3. Masharti yako yanagombana yenyewe kwa yenyewe. Volti lazima zilingane. Ampea zikizidi hakuna neno, "kompyuta hujichotea inachohitaji tu," ila zisipungue. Na ncha iwe chanya ndani, hasi nje, kama ya ile chaja iliyoingia ujini. Baba, huyo ni mgeni gani anayejichotea kwa kiasi? Njoo umwone Bragi na sufuria ya viazi.

4. Chaja ya nyumba hii ni mimi. Mtoto wa titi ananichomoa nguvu huku, Bragi kule, mwanao naye anauliza soksi ziko wapi. Nani aliwahi kusoma kibandiko changu? Mbona siungui? (Jana niliweka simu kwenye jokofu na siagi mfukoni, lakini hayo tuyaache.)

5. Tanner mwenyewe hukunipa na kibandiko. Alionekana anaingia vizuri kwenye picha ya familia, nikamchukua. Ukiulizwa, utasema nilitazama volti?

Kwa hiyo naomba, kabla ya saa sita, utangaze mbele ya ukoo kwamba kinachoingia kinafaa, unikabidhi ndoo, na uiombe radhi chaja niliyoichagua. Ukichelewa, naichomeka. Nakupenda, lakini naichomeka.

Msalimie Amma, msalimie mbwa, wasalimie wanaume wote wa kwenye kibanda chenu cha kuvulia samaki kwenye ziwa lililoganda barafu, hata yule asiyerudisha vyombo.

Ni mimi mkweo, mwenye macho mekundu,
Sigrun

Nyongeza: Nilikwenda kwenye friza nipashe supu, nitulize hasira. Nikafungua ndoo ya vanila. Baba, ndani mna vanila. Vanila ya kweli, haijaguswa! Tanner anaapa uliileta wewe asubuhi, ukamwambia, "Ya msomi wetu, wewe usiiguse." Nimekula nimesimama, nikilia na kucheka, na Bragi ameng'ang'ania mguu wangu.

Ndoo ikisema kweli mara moja, mtu anapata wasiwasi. Nikasoma kibandiko cha ile chaja. Volti ishirini na tisa! Kompyuta inataka kumi na tisa. Ni ya kile kiti cha umeme cha Amma kinachomnyanyua mpaka anasimama. Kompyuta yangu ingesimama wapi?

Futa yote hapo juu, isipokuwa la Tanner. Usitafute tena miwani. Leta ndoo, nitakusomea mimi. Tanner anakuja mbio na barua hii. Rudi naye mbio vilevile. Vanila nimekubakizia, kidogo.